Kopo la supu lilikuja baadaye: Eduardo Paolozzi, mkasi wake na mwanzo wa sanaa ya pop

MkasiNaGundi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa Andy Warhol, msanii wa Marekani, kuna mdau kafunga kazi kwa sentensi moja: sanaa ya pop, ile inayochota picha za matangazo, katuni na bidhaa za dukani, ni mali ya Wamarekani, wengine wote waliiga. Sikutaka kuharibu uzi wa watu, ndiyo maana nimefungua huu. Warhol alionyesha picha zake 32 za makopo ya supu ya Campbell's katika jumba la Ferus, Los Angeles, mwaka 1962. Miaka kumi kabla ya hapo, Aprili 1952, kijana mmoja wa Uingereza alikaa na wenzake London akawamulikia ukutani matangazo ya magari, majalada ya hadithi za roboti, katuni za Disney na vyakula vinavyong'aa, moja baada ya jingine, bila kueleza chochote. Na kukata na kubandika alikuwa ameanza tangu miaka ya 1940.

Jina lake Eduardo Paolozzi. Wengi wanamjua kama mchongaji, yule wa sanamu kubwa ya Newton ameinama na bikari mkononi nje ya Maktaba ya Uingereza. Mimi nataka kumzungumzia kabla ya hizo shaba, enzi za gundi na kolaji, yaani picha za kubandika vipande.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili anayetaka kuirarua ajiandae: sanaa hii ilianzishwa na watu ambao vitu vinavyoonekana kwenye picha zake hawakuwa navyo. Mmarekani mwenye friji jikoni hakuwa na sababu ya kuishangaa.

Natiririka kwa awamu, msinikimbize.

Kibonzo

Siti ya mbele, karanga mkononi. Tiririka mkuu.

MkasiNaGundi

Twende.

Paolozzi alizaliwa Machi 1924 Leith, upande wa bandari wa Edinburgh kule Scotland. Wazazi wake walikuwa Waitalia wa kijiji cha Viticuso, wenye duka la aiskrimu, peremende na sigara. Zamani zile pakiti za sigara zilikuwa na kadi ndogo za picha ndani: ndege, meli, nyota wa filamu. Mtoto wa mwenye duka alizikusanya na kuzibandika kwenye madaftari. Hiyo tabia hakuiacha mpaka anakufa mwaka 2005.

Juni 1940 Mussolini akatangaza vita dhidi ya Uingereza. Maduka ya Waitalia Edinburgh yakavunjwa vioo. Eduardo, miaka 16, akatupwa gereza la Saughton kama raia wa nchi adui, akakaa miezi mitatu hivi. Baba yake, babu yake na ndugu mwingine wa familia wakapakiwa kwenye meli ya Arandora Star kupelekwa Kanada. Tarehe 2 Julai nyambizi ya Kijerumani ikaipiga topido upande wa Ireland. Walikufa zaidi ya watu 800, na zaidi ya nusu walikuwa Waitalia kama wao, watu waliokuwa wakiuza aiskrimu na chipsi kwenye miji ya Uingereza. Wote watatu walizama.

Sisemi kila kolaji yake ni matanga. Ila ukiona ndege ya mabomu imebandikwa chini ya picha ya mrembo, usidhani aliiweka kujaza nafasi.

Baada ya vita akasoma shule ya sanaa ya Slade, akafanya maonyesho yake ya kwanza London mwaka 1947, akauza, na kwa hela hiyo akaenda Paris. Kule alikutana na wachongaji Giacometti na Brancusi na mshairi Tristan Tzara, wakubwa ambao kijana wa umri wake angeridhika kuwasalimia tu. Lakini kitu kilichomkaa kilitoka kwa watu wasio na jina: askari wa zamani wa Marekani waliobaki Paris kusoma, na majarida yao yaliyozagaa. Akayachukua, akayachanachana.

Hapa inabidi ukumbuke Uingereza ilikuwaje. Vita imeisha, wameshinda, lakini wanaishi kwa kadi za mgao. Mgao wa peremende uliisha Februari 1953. Nyama ni Julai 1954, miaka tisa baada ya vita! Sasa mchukue mtoto wa muuza peremende, mpe jarida la Kimarekani lenye ukurasa mzima wa keki, rangi zimekolea, juisi inatiririka kwenye glasi. Yule hasomi tangazo. Anaangalia sayari nyingine.

MzeeWaLeso

Sawa, lakini mleta mada nisaidie. Mimi nimekulia mtaani, kila kinyozi alikuwa na ukuta wa picha za magazeti: Bruce Lee, wacheza mpira, magari, warembo, tangazo la sabuni pembeni. Vyumba vya makapera ndiyo usiseme. Tofauti ya huyo Mzungu na kinyozi wetu ni nini, zaidi ya kwamba yeye kaingia makumbusho?

MkasiNaGundi

Mzee wangu, swali zuri, na nusu ya jibu ni hilohilo ulilosema: kaingia makumbusho. Nusu nyingine iko kwenye picha yenyewe, kwa hiyo tuiangalie moja kwa karibu.

Inaitwa "I was a Rich Man's Plaything", yaani "nilikuwa mwanasesere wa tajiri". Ni ya mwaka 1947, iko makumbusho ya Tate, London. Ndogo tu, takriban sentimita 36 kwa 24, vipande vimebandikwa kwenye kadibodi. Sehemu kubwa imechukuliwa na jalada la jarida la Intimate Confessions, moja ya yale majarida ya maungamo ya mapenzi. Mwanamke amekaa, miguu kaikunja, anatabasamu, na pembeni yake vichwa vya habari vya dhambi na majuto. Jina la kolaji limetoka hapo. Mkono wenye bastola umeelekezwa usoni kwake. Bastola inatoa wingu jeupe, ndani yake imeandikwa POP! Karibu yake kuna kipande cha pai ya cheri na nembo ya juisi ya Real Gold. Chini kuna ndege ya kivita kama ya kwenye postikadi, na tangazo la Coca-Cola na chupa yake.

Wengi wanashikilia lile neno kwenye wingu, eti ndiyo mara ya kwanza "pop" kutokea kwenye sanaa ya pop. Mimi siling'ang'anii, ni mlio wa bastola ya katuni tu. Angalia kingine: hakuna kitu chenye ukubwa wake. Kipande cha pai kinashindana na kichwa cha mtu. Chupa ya soda na ndege ya mabomu ziko daraja moja, zinauzwa kwa sauti ileile. Mwanamke, matunda, soda, vita: vyote vimepigwa chapa kwenye karatasi ileile ya bei rahisi na vyote vinakuambia "nunua".

Kinyozi anabandika anachokipenda, na kila picha anaiachia nafasi yake. Paolozzi anazisogeza mpaka zinaanza kusemana. Bastola haikuwa ya jalada lile, ni yeye kaipeleka pale.

MzeeWaLeso

Hapo nimekuelewa. Ingawa kinyozi wetu naye alikuwa anajua anachokifanya akimweka Bruce Lee juu ya tangazo la dawa ya mba.

ShangaziWaIlala

Nimesoma kimya lakini nimeshindwa. Yaani tunashangilia picha ya mwanamke kaelekezewa bastola usoni huku anacheka, tunaita mwanzo wa sanaa? Wanaume wanakata wanawake vipande na kuwaweka karibu na pai, halafu wanapewa uwanja wa makumbusho.

MkasiNaGundi

Dada, hilo siwezi kulikwepa na sitajaribu. Ukitaka kumtetea unaweza kusema anaonyesha jarida lilivyomfanya yule mwanamke kuwa bidhaa. Ukitaka kumshtaki, hana pa kujificha: picha zile zilimpendeza pia. Nadhani vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana picha inakera mpaka leo.

Mtafute Pauline Boty. Alikuwa na wasanii kina Peter Blake miaka ya 1960, akatokea pamoja naye, Derek Boshier na Peter Phillips kwenye filamu ya BBC ya mwaka 1962 kuhusu wasanii hao chipukizi. Alianza na kolaji na vioo vya rangi, kisha michoro. Kazi yake ya "It's a Man's World" ya katikati ya miaka ya 1960 inajibu hoja yako moja kwa moja, upande mmoja wanaume wenye majina, upande wa pili miili ya wanawake. Alikufa kwa saratani mwaka 1966, umri miaka 28. Michoro yake ikakaa ghalani kwenye shamba la kaka yake mpaka miaka ya 1990. Huyo anastahili uzi wake.

ShangaziWaIlala

Ghalani! Na makopo ya supu yakatembea dunia nzima. Endelea, nipo.

MkasiNaGundi

Sasa London 1952.

Kulikuwa na kikundi cha vijana wakikutana kwenye Taasisi ya Sanaa za Kisasa, mtaa wa Dover: wasanii, wasanifu majengo, wahakiki. Wakajiita Independent Group. Humo kulikuwa na Richard Hamilton, mpigapicha Nigel Henderson, Reyner Banham, Lawrence Alloway, John McHale, Magda Cordell, na mume na mke Alison na Peter Smithson. Walikuwa wamechoka kuambiwa na wazee kwamba sanaa ya kweli ni ile ya utulivu na sinema za Hollywood ni uchafu. Wao walizipenda sinema za Hollywood.

Paolozzi akaleta kurasa zake. Hakuwa na slaidi, alitumia epidiaskopu, ile mashine nzito inayomulika karatasi yenyewe na kuitupa ukutani. Unaweka ukurasa, unatokea mkubwa. Unautoa, unaweka mwingine. Hakuna mpangilio, hakuna maelezo. Waliokuwapo wengine walicheka, wengine hawakujua wamkasirikie kwa lipi.

Baadaye mkusanyiko huo ukaitwa Bunk, maana yake upuuzi. Henry Ford aliwahi kusema kuwa historia ni upuuzi, na Paolozzi neno hilo alilikata kwenye tangazo la mtunisha misuli Charles Atlas, akalibandika kwenye kolaji ya mwaka 1952.

Mkumbukeni huyo mtunisha misuli, mwenzake anakuja sasa hivi.

Mwaka 1956, Agosti na Septemba, wakafanya maonyesho ya This Is Tomorrow pale jumba la sanaa la Whitechapel, mashariki mwa London. Vikundi 12, kila kimoja na eneo lake. Hamilton alikuwa kikundi cha pili na McHale na John Voelcker. Kwa ajili ya katalogi na bango akatengeneza kolaji ya sebule ya kisasa, ile yenye jina refu kama swali la tangazo, "Just what is it that makes today's homes so different, so appealing?" Nayo ndogo, kama sentimita 26 kwa 25. Mwanamume katunisha misuli, kashika pipi kubwa ya kijiti kama raketi, imeandikwa POP. Mwanamke yuko uchi kwenye kochi na kifuniko cha taa kichwani. Kuna televisheni, rekoda ya tepu, kopo la nyama ya nguruwe juu ya meza, jalada la katuni za mapenzi limewekwa fremu kama mchoro wa ukoo, nembo ya Ford kwenye taa. Dada wa kazi anafyonza vumbi kwenye ngazi kwa mashine yenye mpira mrefu. Dari ni picha ya sayari. Zulia ukilisogelea ni umati wa watu ufukweni.

Kinachonifurahisha ni namna walivyofanya kazi tofauti. Hamilton alianza na orodha: mwanamume, mwanamke, chakula, magazeti, sinema, televisheni, simu, magari, vyombo vya nyumbani, anga. Mke wake Terry na Magda Cordell wakapekua majarida kutafuta kila kipengele, kama watu waliotumwa sokoni na karatasi. Paolozzi hakuwahi kuwa na orodha. Aliona, akataka, akakata.

Na Januari 1957 Hamilton akawaandikia kina Smithson barua akitaja sifa za sanaa hiyo: ya watu wengi, ya kupita, ya kutupwa, ya bei nafuu, ya kuzalishwa kwa wingi, ya vijana, ya utani, ya kimahaba, ya vijanjajanja, ya kung'ara, na tena biashara kubwa. Isomeni tena taratibu. Warhol alikuwa bado anachora matangazo ya viatu New York.

MpigaChapa

Mkuu, uzi mtamu, lakini napinga sehemu moja na naomba usinirukie.

Unasema kolaji za Paolozzi ndizo mwanzo. Mwanzo wa nini, kama hazikuonyeshwa? Zilikuwa kurasa za madaftari yake. Ukutani kama kazi za sanaa zimekuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Tate walipomfanyia maonyesho makubwa mwaka 1971 naye akawapa kolaji zenyewe, halafu 1972 akatoa lile sanduku la chapa za Bunk. Wakati huo sanaa ya pop imeshakuwa na bei na majina. Ni rahisi sana kufungua kabati mwaka 1971 ukasema "mimi nilikuwa wa kwanza". Kwangu mwanzo ni 1956, kwa sababu bango la Hamilton lilitundikwa watu wakaliona.

MkasiNaGundi

Mpinzani wa maana huyu. Kabati alilifungua kwa kuchelewa, nakubali, na ukweli kwamba alichagua kipi kiwe "kazi" na kipi kibaki karatasi ni uamuzi wa mtu mzima wa miaka ya 1970. Lakini Aprili 1952 hukuigusa. Chumba kile hakikuwa kabati. Hamilton, McHale, Banham, Alloway, watu walewale wa 1956, ndio waliokuwa kundi lake. Hata 1956 mwenyewe alikuwapo Whitechapel, kikundi cha sita, na Henderson na kina Smithson. Walijenga kibanda na ua, vitu vya udongo vimetawanyika kama mabaki baada ya bomu.

Na kama tunapima kwa kuonekana, kolaji ya Hamilton yenyewe haikutundikwa kwenye maonyesho. Watu waliona nakala nyeusi na nyeupe. Tena McHale ndiye aliyeleta sanduku la majarida kutoka Marekani, alipokuwa chuo kikuu cha Yale, na mwanawe ameshadai kwamba wazo lilikuwa la baba yake. Ukianza kudai hati ya kuzaliwa, hata 1956 inakosa mzazi mmoja.

Cha kuchekesha ni kwamba Paolozzi mwenyewe hilo jina la pop hakulipenda. Alipenda aitwe msureali, yaani msanii wa picha za mambo ya ndotoni.

MpigaChapa

Basi umejifunga goli mwenyewe! Kama mwenyewe anakataa, sisi tunamvalisha kofia ya nini? Na kubandika vipande hakukuanza naye. Picasso 1912. Hannah Höch Berlin baada ya vita ya kwanza. Kurt Schwitters alikimbilia Uingereza 1940, akafungwa kisiwa cha Man, na mwaka 1947 huohuo alikuwa anabandika vibonzo vya Kimarekani kule kaskazini. Akafa Januari 1948 bila mtu kumuita baba wa pop.

MkasiNaGundi

Schwitters nakupa kwa mikono miwili. Ile kolaji yake ya 1947 yenye vibonzo, "For Kate", ukiiweka kwenye ukuta wa 1962 hakuna atakayeshtuka. Wote wawili walishikwa 1940 na serikali moja kwa kosa moja la kuzaliwa upande usiotakiwa. Sidhani ni bahati mbaya kwamba watu waliofungiwa ndio walioangalia karatasi za nje kwa njaa kiasi hicho.

BintiNgamiani

Naomba kuongeza la kwetu. Lubaina Himid amezaliwa Zanzibar 1954, kapelekwa Uingereza mchanga, kashinda tuzo ya sanaa ya Turner ya huko 2017. Anakata watu wa mbao wa ukubwa wa binadamu, anawapaka rangi, wengine anawabandika magazeti. Na Wangechi Mutu wa Nairobi ana zile kolaji za 2006 alizobandika vipande vya majarida juu ya michoro ya kitabibu ya zamani. Shangazi akiona jinsi Mutu anavyowapanga upya wale wanawake wa majarida atapumua kidogo.

MkasiNaGundi

Asante dada. Siwaiti wasanii wa pop, kila mmoja ana safari yake, lakini mkasi wa Mutu umekaa kwenye majarida ya aina ileile yaliyokuwa Paris 1947, na safari hii anayekata ni mwanamke.

Kwa walioniuliza pembeni wakienda huko waone wapi: Tate kolaji za Paolozzi zipo, ila karatasi haivumilii mwanga, kwa hiyo haziwekwi ukutani muda wote, angalieni kabla hamjafunga safari. Makumbusho ya sanaa ya kisasa Edinburgh wamejenga upya karakana yake, na imejaa vitu hadi juu. Ukiwa London na huna hela ya kiingilio, shuka stesheni ya Tottenham Court Road utazame mozaiki zake za miaka ya 1980. Baadhi zilibomolewa wakati wa ukarabati, vipande vikapelekwa chuo kikuu cha Edinburgh. Kolaji ya Hamilton iko Tübingen, Ujerumani.

Supu32

Nimeambiwa natajwa huku. Mimi ndiye niliyesema ni ya Wamarekani na bado nasema. Nyie mnazungumzia vijikaratasi vya sentimita 36. Wamarekani walichukua kopo moja wakalifanya ukuta, bila mkasi, bila utani, bila kuomba radhi. Waingereza walikuwa wanaiongelea Marekani. Warhol alikuwa Marekani yenyewe.

MkasiNaGundi

Karibu mkuu. Sentensi zako mbili za mwisho nazisaini hata leo, ndiyo hoja yangu ya post ya kwanza umeisema kwa kifupi kuliko mimi. Tunachogombania ni tarehe tu.

Supu32

Tarehe siachii.

ShangaziWaIlala

Mkimaliza kugombania tarehe, nimefungua uzi wa Pauline Boty jukwaa la picha. Kibonzo njoo na karanga zako, Supu32 njoo na kopo lako.